Futi Ishirini na Nne

Marquette, Michigan
Tarehe 5 Machi 1998

Dada yangu Taimi,

Shikamoo. Huku theluji bado imefika madirishani, na Gordon analalamika mgongo tangu asubuhi kwa sababu ya koleo. Mimi nimekaa mezani na ramani za maziwa, kahawa pembeni, kama ilivyo kila Machi tangu waume zetu waliponunua haya magari ya kulala. Gordon ananicheka. Anasema simu ilishagunduliwa siku nyingi, mbona nyie wawili mnaandikiana kama mabibi wa zamani? Nimemwambia safari ambayo hatujaibishania kwa barua hiyo si safari, ni matembezi tu.

Basi mwaka huu naanza mimi. Nimeona twende Ziwa Mierezi, wiki ile baada ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya Septemba, watoto wakisharudi shule na mbu wakishakufa. Maji ni safi, unamwona samaki anapita. Viwanja vya kuegesha magari viko ukingoni kabisa. Wana bafu la maji moto, na sauna ya kuni ambayo msimamizi huikoka Jumamosi.

Kuna jambo moja tu, Dada, nalo limenikera kweli. Viwanja vya pale ni vifupi, hawapokei gari linalozidi futi ishirini na nne. Karavani letu la kuvuta lina futi ishirini na mbili, linaingia. Lakini hilo lenu la futi thelathini na moja, sijui mtafanyaje. Nimelazimika kuweka nafasi yetu mapema, si unajua viwanja vya ukingoni vinavyogombaniwa? Mkishindwa mwaka huu msijali. Mwakani tutatafuta ziwa lenye nafasi kubwa, na Oktoba nitakuja mwenyewe Duluth na mkate wa iliki, tukae tupige soga.

Shemeji Reino hajambo? Mwambie mwaka jana aliiba karata, nilimwona.

Mdogo wako,
Ilma


Marquette, Michigan
Tarehe 6 Machi 1998

Mpendwa Joyce,

Habari za Green Bay? Mambo yamekamilika. Nimewawekea kiwanja cha kona kule Ziwa Mierezi, jirani kabisa na chetu. Usiwe na wasiwasi na urefu wa gari lenu. Futi zenu thelathini na nne zitaingia, na bado mtabaki na mahali pa meza na pa kukoka moto. Nimeuliza kambini, wanapokea hadi futi arobaini.

Uliuliza kuhusu dada yangu na mumewe. Hapana, mwaka huu hawatakuwepo. Najua yaliyowapata mwaka jana, Reino kuingia kwenu mkiwa mnakula, akavua viatu na suruali akajilaza kitandani kwenu akidhani yuko kwake. Ninyi mlicheka, Mungu awabariki, lakini Gordon mpaka leo akilikumbuka anafunika uso. Anasema maisha yake yote amesimamia watu mgodini, hataki likizo ya kumchunga mwanamume mwenzake. Nami nimechoka, Joyce. Nataka wiki moja ya kuvua samaki na kucheka bila kugeukageuka kuangalia nani kapotea.

Taimi anadhani ni suala la nafasi. Ukimwandikia kadi, tafadhali usimtajie kuwa mnakuja.

Wako,
Ilma


Duluth, Minnesota
Tarehe 18 Machi 1998

We Ilma,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikacheka, nikaisoma tena nikaacha kucheka. Ziwa Mierezi? Tangu lini wewe ukapenda mahali padogo? Wewe ndiye uliyenigombeza mwaka ule kwa kutupeleka Ziwa Mwezi, ukasema tumebanana kama dagaa kwenye kopo.

Sikia mapendekezo ya mkubwa wako. Kwanza, Ziwa Kijiko. Viwanja virefu, umeme na maji unachomeka hapohapo, na yule mama wa dukani anauza mandazi ya nyama yenye nyama kweli. Pili, hilohilo Ziwa Mwezi, maana nasikia wamepanua. Chagua moja, halafu hiyo nafasi yako ya Mierezi uifute, mbona bado mapema.

Habari kubwa ni hii: dereva mwaka huu ni mimi. Usizimie. Reino macho yamechoka, kwa hiyo nimejifunza. Kila Jumanne naenda nalo kwenye uwanja wa kanisa, nazunguka, narudi nyuma, nazunguka. Mchungaji sasa anaegesha gari lake mtaa wa pili. Juzi niligonga pipa la takataka, lakini lilikuwa tupu, hivyo sihesabu. Miaka sabini, Ilma, na nimeendesha basi zima peke yangu! Laiti mama angeniona.

Reino ni mzima wa afya. Anasahau majina, basi, na nani asiyesahau? Tangu Februari amehamia kwenye gari. Amechimba njia kwenye theluji toka mlango wa jikoni mpaka pale lilipoegeshwa, anashinda mle na hita yake ndogo, anapanga vijiko na kukaza skrubu. Anasema anakagua kabla ya safari. Nimemwambia mwanamume wewe utaniacha na nyumba nzima, nitaolewa na mwingine. Karata anakana. Anasema ulikuwa unaangalia vibaya.

Nijibu haraka.
Dada yako,
Taimi


Marquette, Michigan
Tarehe 2 Aprili 1998

Dada yangu,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, naomba radhi. Gordon alikuwa na mafua, halafu nami nikayapata.

Ziwa Kijiko nimeuliza, Dada, halifai. Maji yameota ukijani tangu kiangazi kilichopita, watu wanakatazwa hata kunawa. Na Ziwa Mwezi wanabomoa mabafu, hawatakuwa tayari hadi mwakani. Nasikitika sana. Kweli nasikitika. Kufuta nafasi ya Mierezi sasa kutakuwa kujitia kitanzi, tutakosa huku na huku.

Na mimi nakufikiria wewe, Dada. Kuendesha gari kubwa hivyo safari nzima, ukiwa na Reino pembeni, si mchezo. Anaposhinda kwenye gari kwenye baridi hiyo, anapanga vijiko, huoni kama hali inazidi? Labda mwaka huu pumzikeni. Hakuna atakayewalaumu.

Nimekutumia boksi kwa posta. Kuna mkate wa iliki, na soksi nilizomfumia shemeji. Usinishukuru. Nasema kweli, usinishukuru.

Ilma


Duluth, Minnesota
Tarehe 14 Aprili 1998

Ilma,

Mkate ulifika mzima. Soksi zinamtosha.

Nina swali moja tu nataka unijibu waziwazi. Hizo futi ishirini na nne, una hakika? Umeuliza mwenyewe, kwa mdomo wako, ukajibiwa hivyo? Kama kuna jambo jingine, mimi ni dada yako, niambie. Nimekubadilisha nepi mimi, hakuna utakaloniambia likaniua.

Taimi


(Kadi ya posta, picha ya kulungu akinywa maji)

Tarehe 20 Aprili

Dada, nina hakika. Niliuliza mwenyewe. Futi ishirini na nne, hata inchi moja zaidi hawataki. Hakuna jambo jingine. Gordon anawasalimu. I.


Duluth, Minnesota
Tarehe 29 Mei 1998

Mdogo wangu Ilma,

Asiyekubali kushindwa si mshindani! Kaa chini kwanza.

Nimeliuza. Ndiyo, lile kubwa. Wamelinunua vijana wawili wa Iowa, mtu na mchumba wake, wana mbwa mkubwa kama ndama. Na mimi nimenunua karavani dogo la kuvuta, jeupe, lina mstari wa kijani ubavuni, na ni futi kumi na tisa tu. Kumi na tisa, Ilma! Hata wangekuwa wanapokea ishirini tungeingia tukapiga na miluzi. Jiko lina mafiga mawili, kitanda ukigeuka unamwangukia mwenzio, lakini tuko wawili tu, tunataka nini zaidi?

Nimepiga simu Ziwa Mierezi nikaweka nafasi mwenyewe. Tuko viwanja vitatu kutoka kwenu, wiki ileile. Haya, ulisema ni futi, na futi nimezikata. Nadhani utafurahi.

Reino atazoea.

Dada yako asiyeshindwa,
Taimi


Minneapolis, Minnesota
Tarehe 8 Julai 1998

Mama mdogo,

Shikamoo. Ni mimi Marlys. Samahani kukuandikia bila mama kujua. Tangu alipokuandikia mwezi Mei hujamjibu, na kila siku anakwenda kwenye sanduku la barua mara mbili, mara tatu, halafu anarudi anasema alikuwa anaangalia maua. Kama unaumwa, tuambie. Kama mmegombana, basi mimi sijui, lakini kuna mambo nadhani hajakwambia, na wewe ndiye mtu pekee anayemsikiliza.

Baba hali yake si nzuri, Mama mdogo. Mama anawaambia watu anasahau majina. Siyo majina. Ndani ya nyumba hajui jiko ni la nani. Anamwuliza mama, eti mwenye nyumba atarudi saa ngapi. Lakini kwenye lile gari kubwa alikuwa mtu mwingine. Zile droo alizitengeneza mwenyewe, zile ndoano za vikombe aliziweka kwa mkono wake, kwa hiyo mikono ilijua hata akili isipojua. Alikuwa anatengeneza kahawa mle, anamkaribisha mama, anamwita Taimi kwa jina lake. Majira yote ya baridi wameishi hivyo, mama anatoka jikoni kwake anakwenda kumtembelea mume wake uani. Daktari alisema mwacheni alale humo ikibidi, msikiondoe kitu chochote.

Sasa gari halipo. Mama ameniambia alilibadilisha ili mweze kuwa pamoja Septemba, kwamba mahali ulipowatafutia hapapokei magari marefu. Simlaumu, najua safari hii ilivyo kwake. Ila baba kila asubuhi anakwenda kusimama pale kwenye mstatili wa majani yaliyokauka, anauliza gari lake liko wapi na nani amelichukua. Juzi aliwapigia simu polisi. Karavani jipya hataki kuliingia. Anasema ni la watu, na yeye hakulelewa kuingia kwa watu bila kukaribishwa.

Niliwapigia wale vijana wa Iowa niwaombe waturudishie. Wameshang'oa droo zote na makabati, wameweka kitanda cha mbwa.

Wahenga wanasema mficha maradhi, kilio humuumbua. Naona mama ameficha sana. Tafadhali mwandikie, hata mistari miwili.

Mwanao,
Marlys


Marquette, Michigan
Tarehe 13 Julai 1998

Dada Taimi,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaipokea.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Gordon amesema niiache tu, yaliyopita yamepita, karavani limeshanunuliwa, tukutane Septemba tufurahi. Nimeshindwa.

Hakuna futi ishirini na nne. Ziwa Mierezi wanapokea futi arobaini. Nilikudanganya barua ya kwanza, nikakudanganya ya pili, na uliponiuliza waziwazi nikakudanganya tena kwa uso mkavu kwenye kadi yenye kulungu. Ziwa Kijiko maji yake ni safi. Ziwa Mwezi hakuna kinachobomolewa. Akina Lindquist, Joyce na mumewe, wanakuja, walikuwa waje tangu mwanzo, na gari lao ni refu kuliko lililokuwa lenu.

Nilifanya hivyo kwa sababu niliona haya. Sina neno zuri zaidi. Mwaka jana Reino alipoingia kwa akina Lindquist na kuvua suruali, watu walicheka, na wewe ulicheka nao, ukamshika mkono ukamtoa kama malkia anamtoa mfalme. Mimi nilisimama nyuma ya mti nikajifanya naokota kuni. Sikuja kukusaidia. Nikajiambia mwakani sitaki kuokota kuni tena. Ndiyo yote. Ningeweza kukwambia, Dada, tumechoka, mwaka huu tuache. Ungenitukana siku mbili na kunisamehe siku ya tatu. Nikaona rahisi kutafuta kosa kwenye futi kuliko kulitafuta kwangu.

Sikujua kuhusu gari. Ulisema anapanga vijiko, nami nikadhani ni ugonjwa, kumbe ndiyo ilikuwa dawa. Lakini kutojua hakunisaidii. Kila nikifumba macho namwona amesimama kwenye majani makavu.

Usimkasirikie Marlys kwa kuniandikia. Hajui uongo huu. Niambie nifanye nini. Nilipe nini? Nije? Nisije tena? Chochote.

Ilma


Marquette, Michigan
Tarehe 3 Agosti 1998

Dada,

Najua barua imefika, wa posta kaniambia imesainiwa. Nitukane basi. Kimya chako kinanimaliza.

Ilma


Duluth, Minnesota
Tarehe 20 Agosti 1998

Ilma,

Marahaba. Sikukutukana kwa sababu kila nilipoanza, tusi lilinirudia mwenyewe. Sasa nisikilize, na usinikatize.

Nilijua.

Siku ileile barua yako ya Machi ilipofika, nilipiga simu Ziwa Mierezi. Akapokea msichana mwenye sauti ya usingizi, nikamwuliza urefu, akasema futi arobaini, mama, njooni tu. Nikakata simu nikakaa kwenye ngazi. Njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu, na yako haikufika hata lango la kambi. Nikasema nimpe nafasi, atasema mwenyewe. Nikakutajia Ziwa Kijiko, Ziwa Mwezi, ukaja na ukijani wako na mabafu yako. Nikakuuliza waziwazi. Ukaniletea kulungu.

Basi nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata tangu nizaliwe. Nikasema, aha, tatizo ni urefu? Nitaupunguza. Nitakuja na kidude cha futi kumi na tisa, nikiegeshe mbele ya pua yake, nione safari hii atasema nini. Nilitaka ufungue barua yangu uungue. Niliiandika nikitabasamu, Mungu anisamehe. Zile "futi nimezikata" nilizipigia mstari kwenye nakala ya kwanza, nikaona nitakushtua, nikaandika upya bila mstari.

Na nilijua gari lile ni nini kwa Reino. Hakuna anayejua kama mimi, si daktari, si Marlys. Niliyekuwa nakaribishwa kahawa mle ni mimi. Niliyekuwa naitwa kwa jina mle ni mimi. Nyumbani naitwa "we mama". Sikukwambia wewe wala mtu mwingine kwa sababu niliogopa mtaniambia nimpeleke kule wanakopelekwa wagonjwa kama yeye. Siku wale vijana walipokuja kulichukua, nilimpeleka Reino kunyoa ili asione. Kinyozi akamwuliza mnakwenda wapi mwaka huu, akajibu vizuri kabisa, "Ziwani, na shemeji yangu Ilma." Nikamrudisha nyumbani, uwanja mtupu.

Hasira hasara, walisema waliosema. Wewe ulidanganya kwa haya. Mimi nilishika kitu cha pekee alichobaki nacho mume wangu nikakurushia wewe, kama mtu anavyorusha sahani. Wewe angalau hukujua. Usiniandikie tena habari za kulipa. Tukianza kulipana hapa hatutamaliza, na anayedai hajui kama anadai.

Tunakuja Septemba. Hapana, usifurahi haraka. Tunakuja kwa sababu nafasi ninayo na kwa sababu nikikaa hapa naangalia ule uwanja nitarukwa na akili. Nina sharti moja. Akiuliza gari lake liko wapi, utamjibu wewe. Mimi nimemjibu kiangazi chote, nimeishiwa. Nimesema limekopwa, nimesema liko gereji, nimesema hakujawahi kuwa na gari. Sasa ni zamu yako. Na akina Lindquist wakicheka, sitacheka nao.

Taimi


Marquette, Michigan
Tarehe 15 Septemba 1998

Dada Taimi,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama na upepo haukuwasumbua darajani. Marlys amenipigia, amesema Reino amelala vizuri usiku wa kwanza.

Nakumbuka tulivyoagana. Ulinipa sufuria yangu, nikakupa koti lako, Gordon akakusaidia kuunga karavani, akarudi akakaa ndani peke yake bila kuwasha redio. Nadhani naye kuna kinachomla, ila wanaume hawa ukiwauliza wanakwambia ni kiungulia.

Kuhusu Joyce nataka useme wewe kama niliona vibaya. Niliyafanya yote yale kwa kuwaogopa yeye na mumewe, na siku ya kwanza tu akamwona Reino anasitasita njiani, akafungua mlango wake akamwita, "Reino, karibu, kahawa tayari!" Akamtandikia na mto. Wiki nzima alikuwa anamkaribisha, na kwa kuwa alikaribishwa, aliingia. Hakuna aliyecheka. Sikuwa na sababu, Dada, hata ile mbaya niliyokuwa nayo ilikuwa ya bure.

Sasa sharti lako. Uliniona namjibu siku ya kwanza, lakini hukusikia. Tulikuwa tunamenya viazi, akaniuliza gari lake liko wapi, nami nikasema liko gereji, litaletwa. Mdomo ukaniponyoka kabla sijafikiri, umeshazoea. Ndiyo sababu ulimkuta amevaa koti amekaa kwenye benchi anaangalia barabara, akakataa supu ya samaki. Alikuwa analingoja. Ulidhani ni ukaidi wake. Ulikuwa ni uongo wangu wa nne, au wa tano, nimeacha kuhesabu.

Alhamisi, ulipokwenda kuoga, alikuja tena. Alivua kofia, akasimama kando ya meza yetu kwa adabu.

"Samahani, mama. Hukuona gari langu hapa? Kubwa, rangi ya maziwa. Lina droo nimezitengeneza mwenyewe."

Nikamwambia akae. Akakaa. Nikasema, "Limeuzwa. Limeuzwa kwa sababu yangu. Nilimdanganya dada yangu kwamba halitaingia hapa, akaliuza."

Akanitazama sana. Akauliza, "Kwa nini ulimdanganya?"

Unajua hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo? Gordon hakuuliza kwa sababu alijua, nawe hukuuliza kwa sababu ulijua. Nikasema, "Nina shemeji anaumwa ugonjwa wa kusahau. Nilimwonea haya mbele za watu. Sikutaka aje."

Akasikitika, Dada. Akanisikitikia mimi. Akachukua birika akanimiminia kahawa, akanisogezea na sukari.

"Na yeye anajua?"

"Sidhani kama anajua."

"Ni mkali?"

"Hapana. Ni mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwajua. Ndiye aliyenifundisha kuendesha gari baba alipokataa. Nilipopoteza mtoto wangu wa kwanza alikuja akapaka rangi jiko letu zima bila kusema neno, kwa kuwa hakujua aseme nini."

"Ah, basi huyo mtu mwema," akasema. "Unaogopa nini?"

Nikashindwa kujizuia. Nikamshika mikono yote miwili, nikalia kama mtoto, nikasema, "Shemeji, nisamehe. Nisamehe, Reino."

Akaniacha nilie kidogo. Halafu akaitoa mikono yake, polepole, kama mtu anayeogopa kunivunjia heshima, akaipigapiga yangu juu ya meza.

"Siyo mimi, mama," akaniambia. "Hayo mwambie mwenyewe."

Mdogo wako,
Ilma